Kabla Hujazihesabu Dola za Fundi

Mama msomaji, huenda mumeo au kijana wako yuko Marekani na amekuarifu kwamba amepata kazi ya kutengeneza milango ya gereji. Huko nyumba nyingi zina chumba cha kulaza gari, na mlango wake hupanda juu mpaka darini. Mlango wa namna hiyo ulibuniwa mwaka 1921, na mashine ya kuufungua kwa umeme ikafuata mwaka 1926. Uzito wake hubebwa na springi. Springi za kawaida hustahimili kufungua na kufunga mara 10,000 hivi. Mlango ukifunguliwa mara nne kwa siku, huchoka baada ya miaka saba hivi. Ndiyo maana fundi huitwa.

Je, hulipwa kiasi gani? Kabla hujapanga ada za shule na bati za nyumba, jua kwanza analipwa kwa njia gani.

Wapo walioajiriwa kwa saa. Kwa kawaida, kwa sheria ya mwaka 1938, mwajiriwa wa namna hii akipita saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Tuseme analipwa dola 20 kwa saa na amefanya kazi saa 50. Saa 40 ni dola 800, na zile 10 za ziada ni dola 300, jumla 1,100. Hapo hukatwa asilimia 7.65 ya mafao na matibabu ya uzeeni, yaani dola 84 hivi, mbali na kodi ya mapato.

Wengine hufanya kazi kama wakandarasi binafsi. Hawa hawana malipo ya saa za ziada. Hata akibakiwa na dola 1,100 zile zile baada ya kulipia gari, mafuta na vifaa, mchango wake hufika dola 155 hivi, kwa kuwa hana mwajiri wa kumlipia nusu. Na siku akiugua, hana ujira.

Wapo pia wanaolipwa kamisheni, yaani sehemu ya bei ya kila kazi. Wiki moja mfuko hujaa, nyingine huwa mtupu. Hapa pana mtego: fundi aweza kushawishika kumwambia mwenye nyumba kwamba mlango wote umeharibika, kumbe ni springi moja tu. Tukiwabana vijana wetu kwa maombi ya fedha kila juma, tunawasukuma kwenye mtego huo.

Tena kazi yenyewe ina hatari. Springi iliyokazwa ikifyatuka huweza kumvunja mtu mkono, hata kumwua.

Basi, unapozungumza naye, usianze na “Utatuma lini?” Muulize: Unalipwa kwa saa, kwa kazi, au kwa kamisheni? Gari na mafuta ni vya nani? Ukiumia kazini, nani atakutibu? Baada ya makato, pango na chakula, kinabaki nini?

Kisha pangeni matumizi ya nyumbani kwa kufuata mwezi wenye kipato kidogo kuliko yote, siyo ule mnono. Kinachozidi kiwekeni akiba. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kisijazwe kwa afya ya mtoto wako.