SUKARI IWEKWE MEZANI, SI NDANI YA SUFURIA



Mara hii twataka kusema habari ya chai. Wako watakaocheka. Watasema, chama kina mashauri ya mishahara, ya nyumba, ya watu waliosimamishwa kazi, na ninyi mwatuletea habari ya chai! Wangoje kidogo.

Katika kanteni nyingi za kazini, chai ya saa nne hupikwa katika sufuria moja kubwa: maji, majani, maziwa, na sukari humo humo. Mpishi hapimi sukari kwa kijiko, hupima kwa bakuli. Mfanya kazi afikapo na kikombe chake hana la kuchagua. Ama anywe sukari, ama akae bila chai mpaka saa saba. Pamoja na chai hupewa mandazi au mkate mweupe. Saa saba hupewa mlima wa ugali au wali, na kijiko cha mchuzi wa kabeji ambamo viazi vinaelea. Akitoka nje ya geti atakuta viazi karai, chapati na soda. Hiyo ndiyo siku yake ya kula, na akiwa zamu ya usiku ni mbaya zaidi, kwani jiko limefungwa na kilichobaki ni mkate na hiyo soda.

Sasa mfanya kazi huyo huenda hospitali kwa sababu ana kiu isiyokwisha, anakojoa usiku kucha, na macho yana kiwi. Anapimwa damu kabla ya kula, na kipimo kinaonyesha 7 au zaidi. Wanarudia, ni vile vile. Anaambiwa ana ugonjwa wa sukari. Anapewa vidonge na karatasi, na karatasi inasema: "Chagua vyakula bora."

Neno hilo "chagua" ndilo tunalogombana nalo. Hatugombani na daktari, daktari amesema kweli. Tunauliza tu, achague wapi? Katika sufuria ile moja?

Tena tumeziona karatasi nyingine zinazogawiwa. Zinamwambia kuli wa Kilindini ale tofaa, shayiri ya kizungu, mafuta ya zeituni na samaki wa bahari za baridi. Karatasi kama hiyo imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye friji. Mfanya kazi aisomapo huona kwamba dawa ya ugonjwa wake ni utajiri, basi huikunja akaitia mfukoni, na jioni hula kama alivyokula jana. Ndivyo watu wanavyopotea miguu na macho, si kwa ujinga wao.

Ukweli ni kwamba chakula kimfaacho mwenye kisukari kiko sokoni Kongowea na Gikomba, na kingi ni cha bei ya mfanya kazi. Sukuma wiki, mchicha, managu, terere, majani ya kunde. Maharagwe, ndengu, mbaazi, kunde. Omena, ambayo wengine wanaidharau kwa sababu ni ndogo. Ugali haukukatazwa, na asiwadanganye mtu. Kinachotakiwa ni kuubadilisha mahali pake katika sahani. Chukua sahani yako ya bati, uigawe nusu kwa macho. Nusu moja ijae mboga za majani. Nusu ya pili uigawe tena mara mbili: robo ni ugali, wali au muhogo, kiasi cha ngumi yako, robo nyingine ni maharagwe, samaki, yai au nyama. Sisi tumezoea kinyume, ugali umejaza sahani na mboga imekaa pembeni kama mgeni asiyealikwa.

Na mazoea hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Siku za ukoloni tajiri alimpimia mfanya kazi posho, na posho ya kawaida ilikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku, pengine na maharagwe kidogo na chumvi. Hesabu ile ilikuwa ya kulijaza tumbo kwa bei ndogo ili mkono uendelee kubeba. Wazee wetu walipogoma Mombasa mwezi wa Januari 1947, walikuwa wakipigania mshahara na ughali wa maisha, na kwa mtu wa chini ughali wa maisha ni chakula kwanza. Posho ya kupimiwa ilikwisha, lakini hesabu yake ingali katika kanteni zetu: unga mwingi, mboga kidogo, sukari ya kumchangamsha mtu afike jioni. Tofauti ni kwamba unga wa siku hizi umekobolewa mpaka umekuwa mweupe kama chokaa, na kapi lake, ambalo lingesaidia kuichelewesha sukari isipande mbio katika damu, wanapewa ng'ombe.

Hapa yafaa tuseme jambo jingine, maana wako wanaofanya biashara juu ya ugonjwa huu. Wanauza pakiti za "unga wa kisukari" kwa bei mara mbili au tatu. Ukisoma maandishi yake utakuta ni wimbi, mtama na soya, vitu unavyoweza kununua mwenyewe na kusagisha kinuni. Wimbi ni chakula kizuri, lakini ugali wa wimbi ni ugali. Ukila milima miwili sukari itapanda. Asali nayo ni sukari. Maji ya matunda yaliyokamuliwa yamekaribia soda. Afadhali ule chungwa lenyewe. Na soda ya mililita 300 ina karibu gramu 32 za sukari, ndiyo vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, kwa mtu mzima, ikiwezekana isizidi gramu 25 kwa siku nzima. Chupa moja imekwisha pita kipimo, na bado hujanywa chai.

Mbaya kuliko wote ni yule anayekuuzia mizizi na kukuambia uache sindano. Insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921, na kabla ya hapo mtoto aliyeshikwa na kisukari cha kuhitaji insulini alizikwa tu. Chakula bora hufanya kazi pamoja na dawa ya daktari. Anayewatenga ni muuaji, hata kama ni jirani yako na ana maneno matamu.

Sasa turudi kazini, kwa kuwa liko jambo lililotokea. Mwenzetu mmoja, ambaye ametuomba tusilitaje jina lake, hujipiga sindano alfajiri kabla ya kuja zamu. Mtu wa namna hiyo lazima ale kwa saa yake. Dawa imekwisha ingia mwilini na inaila sukari. Chakula kisipokuja, sukari ya damu hushuka kupita kiasi. Siku hiyo kazi ilikuwa ya haraka, mapumziko yakasukumwa kutoka saa sita mpaka karibu saa nane. Alimwambia nyapara mara mbili kwamba anataka kula. Akaambiwa angoje. Ikafika wakati akatoka jasho, mikono ikatetemeka, maneno yakawa hayaungani. Nyapara akaandika: amelewa kazini. Barua ya onyo ikatoka kesho yake.

Mtu ambaye hajaonja pombe miaka mingi! Waliomwokoa ni wenzake wawili waliokuwa wakijua habari yake, wakamkorogea vijiko vinne vya sukari katika maji, akanywa, na baada ya robo saa akajua yuko wapi. Kama angekuwa juu ya ngazi au nyuma ya usukani wa foklifti, leo tungekuwa tukiandika habari nyingine. Kampuni hatuitaji, kwa sababu shauri lingali linazungumzwa. Lakini twasema wazi kwamba barua ile lazima ifutwe.

Matajiri hujibu kwamba mtu anachokula ni shauri lake mwenyewe. Ni maneno ya ajabu kutoka kwa watu wanaotupangia saa ya kula, dakika za kula, mahali pa kula na sufuria ya kulia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 33, inasema kwamba mwajiri aliyekubali waziwazi katika mapatano ya kazi kutoa chakula ni lazima ahakikishe mfanya kazi analishwa ipasavyo, kwa gharama ya huyo mwajiri. Ipasavyo ni neno lenye uzito. Kumlisha mgonjwa wa sukari kitu kile kile kinachomzidishia ugonjwa si kumlisha ipasavyo, na tutalisema neno hilo mbele ya meza yoyote.

Wengine wanasema itagharimu fedha. Gharama gani? Kutotia sukari ndani ya sufuria kunapunguza sukari inayonunuliwa! Apikaye aache chai bila sukari, bakuli la sukari na kijiko viwekwe mezani, atakaye atie, asiyetaka asitie. Sukari hiyo ya mezani ndiyo pia itakayomfaa yule aliyeshukiwa ghafula. Maharagwe badala ya viazi katika mchuzi hayatamfilisi mtu, wala fungu la mchicha. Maji safi ya kunywa mwajiri anadaiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 hata bila sisi kuomba.

Tusiwalaumu matajiri peke yao, hata hivyo. Sisi kwa sisi tuna ubaya. Mtu akikataa sukari wanamwuliza kama amerogwa, au kama mkewe amemkataza. Akibeba ndengu kutoka nyumbani anaitwa mahabusu. Akijichoma sindano wanamtazama kama mvuta bangi. Matokeo yake ni kwamba watu wanaficha. Wanajipiga sindano chooni, wanakunywa chai tamu ili wasionekane, na siku wakianguka hakuna ajuaye la kufanya. Mwanachama anayemcheka mwenzake kwa hili anamsaidia nyapara kuandika ile barua.

Basi haya ndiyo tutakayoyapeleka katika mazungumzo ya mapatano mapya. Chai bila sukari, na sukari mezani, katika kila kanteni na kila zamu. Mboga za majani na maharagwe au ndengu kila siku, na mwenye kutaka ugali mdogo na mboga nyingi apewe bila kutukanwa na mpakuaji. Chakula cha moto kwa zamu ya usiku. Mwenye cheti cha daktari aruhusiwe kula saa yake, kazi iwe ya haraka isiwe ya haraka, na asiandikiwe ulevi kabla ya kupimwa sukari. Kipimo cha sukari kiwe katika sanduku la huduma ya kwanza pamoja na bendeji, na awepo mtu katika kila zamu aliyefundishwa kukitumia. Tangu Oktoba 2024 tunakatwa shilingi 2.75 katika kila mia ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii. Hatutakubali kuambiwa kwamba kupima watu sukari kazini mara moja kwa mwaka ni anasa.

Kila mwenye cheti cha kisukari amwone mjumbe wa zamu yake kabla ya mazungumzo kuanza, apende jina lake liandikwe au lisiandikwe. Wajumbe waandike pia kanteni yao inapika chai namna gani, mapumziko ya chakula yalisukumwa mara ngapi mwezi huu, na nani aliyeamuru. Karatasi hizo ziletwe ofisini kwa mkono, zisitumwe kwa karani wa kampuni.