Pipa la Sianidi si la Maji

Kama unakaa Geita au Kahama, bila shaka umeona mtambo wa kuchenjulia marudio. Mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki hutiwa katika matangi makubwa, kisha humwagiwa maji yenye sianidi. Sianidi huyeyusha dhahabu iliyobaki mchangani, kama chai inavyoyeyusha sukari. Njia hii iligunduliwa Uskochi mwaka 1887. Hata migodi mikubwa huitumia.

Siku hizi husemwa kwamba zebaki ni mbaya, sianidi ni afadhali. Mimi sikubali. Ni kweli, jua na hewa huivunja sianidi polepole, na zebaki haivunjiki kamwe. Lakini marudio yetu yana zebaki ndani yake. Ukiyatia sianidi, zebaki nayo huyeyuka. Ilikuwa imelala mchangani. Sasa imepata miguu. Maji yakivuja, huenda nayo mtoni, na mwishowe huingia katika samaki tunaowala. Kwa hiyo mwenye marudio aondoe zebaki kwanza. Atasema ni gharama. Ndiyo, ni gharama, lakini dhahabu ni yake na mto ni wetu sote.

Sianidi ni nyeupe kama chumvi. Kiasi chenye uzito wa punje moja ya mahindi chatosha kumwua mtu mzima. Huuzuia mwili usitumie hewa. Mtu anavuta pumzi, lakini pumzi haimsaidii. Ikikutana na asidi, hata ile ya betri, hutoa hewa ya sumu. Ndiyo maana mtamboni hutiwa chokaa. Usijidanganye kwamba utaitambua kwa harufu, maana watu wengine hawaisikii kabisa.

Sumu hii si ngeni kwetu. Muhogo mchungu una sumu ya jamii hiyo hiyo. Bibi zetu waliijua, ndiyo maana waliuloweka na kuuanika kabla ya kuutwanga. Mwaka 1985, wilayani Tarime, baada ya ukame, watu walikula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri. Baadhi yao walipooza miguu, na miguu ya namna hiyo haiponi. Ugonjwa huo huitwa konzo.

Basi, mama anaulowesha muhogo siku tatu kwa kuogopa sumu, halafu anateka maji ya kunywa kwa pipa lililobeba sianidi! Najua pipa hilo ni zuri, lina mfuniko, tena ni rahisi kuliko jipya. Usilinunue. Kulisuuza hakutoshi. Mwenye mtambo alitoboe ili lisitumike tena.

Na ninyi mlio katika halmashauri ya kijiji, mwulizeni mwenye mtambo maswali haya mbele ya mkutano. Bwawa lake linavuja? Lina uzio, ng'ombe na watoto wasifike? Liko mbali kiasi gani na kisima? Asipojibu, mpelekeeni habari ofisa wa madini.

Mtu akipatwa na sumu hiyo, mtoeni penye hewa safi. Mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi, na jihadharini msiguse sumu iliyo mwilini mwake. Msimpulizie pumzi mdomoni. Mpelekeni hospitali mara moja. Maziwa hayaiondoi sumu hii, kwa hiyo msipoteze muda kuyatafuta.