Dawa za mapigo ya moyo: hofu iko Mombasa, kipimo kiko Eldoret

Juma lililopita, baada ya isha, binamu yangu wa Kibokoni alinitumia sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Mombasa. Mwanamume mmoja, mwenye sauti ya kujiamini, anasema vidonge wanavyopewa wagonjwa wa moyo ni sumu ya panya, kwamba vingine vinaharibu mapafu na kugeuza ngozi rangi, na kwamba mwenye akili atavitupa atumie habasoda na asali. Chini yake binamu akaandika: "Kaka, wewe uko huko Eldoret karibu na hospitali kubwa. Mama hajameza tangu Jumatatu. Tumwambieje?"

Taabu yangu ni kwamba yule bwana, katika mengi aliyoyasema, hakusema uongo.

Warfarini, dawa inayozuia damu kuganda, kweli ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kuhusu ng'ombe waliokuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyooza. Mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower, aliyeshikwa na moyo, akapewa. Panya anakufa kwa sababu anakula bila kipimo. Binadamu anapimwa damu yake, kipimo kinachoitwa INR, na kwa wagonjwa wengi wa mapigo ya moyo namba inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Ikishuka, damu inaganda. Ikipanda sana, mtu anaweza kuvuja damu tumboni au ubongoni. Uwanja ni mwembamba hivyo.

Amiodaroni, inayotuliza moyo unaokwenda mbio ovyo, nayo ina mashtaka yake ya kweli. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni madini ya iodini, ndiyo maana inavuruga tezi ya shingo. Inaweza kudhuru ini na mapafu. Ngozi inaungua upesi kwa jua, na kwa baadhi ya watu waliotumia miaka mingi inageuka rangi ya kijivu. Kwa sisi tulio na jua la Pwani hilo si jambo dogo. Tena haitoki mwilini haraka: ukiacha leo, inabaki kwa wiki na hata miezi. Anayeitumia anapaswa kupimwa tezi na ini kila baada ya miezi sita hivi. Nani kati ya wasomaji wetu anayeimeza amefanyiwa hivyo mwaka huu?

Halafu kuna digoksini, kidonge kidogo cha bei nafuu ambacho wazee wetu wengi wamekimeza kwa miaka. Hiki ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu madhara yake yanafanana na uzee. Mzee anakosa hamu ya kula, anatapika, anachanganyikiwa, anaona rangi ya manjano mbele ya macho. Nyumbani watu wanasema ni vidonda vya tumbo, au ni umri. Kumbe figo zimechoka na dawa imejaa mwilini, au dawa ya kukojoza aliyopewa pamoja nayo imemwondolea madini ya potasiamu. Siku mbili za kuhara zinatosha kulianzisha.

Wala madaktari wenyewe si kwamba hawajawahi kukosea. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Marekani, wagonjwa waliowahi kushikwa na moyo walipewa enkainidi na flekainidi ili kufuta mapigo ya ziada. Mapigo yalifutika vizuri. Utafiti ulioitwa CAST ukaonyesha mwaka 1989 kwamba waliopewa dawa hizo walikuwa wakifa zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na kitu. Tangu hapo daktari mwenye kuijua kazi yake hatibu karatasi ya mashine ya moyo peke yake, anamtibu mtu.

Basi kwa nini dawa hizi bado zinatolewa? Kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kupiga, damu inatuama, inaganda, kisha bonge linasafiri hadi kwenye ubongo. Mtu mwenye hali hiyo ana hatari ya kiharusi kama mara tano ya asiye nayo, na warfarini iliyopimwa vyema inapunguza hatari hiyo kwa karibu theluthi mbili. Kwetu Afrika Mashariki wengi wanaopatwa si wazee wa miaka themanini kama Ulaya. Ni wanawake wa makamo ambao utotoni waliumwa koo, halikutibiwa, na baadaye vali za moyo zikaharibika.

Utafiti wa REMEDY, ulioshirikisha Kenya na nchi nyingine 13, uliwaangalia wagonjwa 3,343 wa aina hiyo. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na mtetemo huu wa moyo. Miongoni mwa waliokuwa kwenye dawa za kuzuia kuganda, asilimia 28.3 tu ndio waliokuwa na INR panapotakiwa. Waliobaki walikuwa wakimeza dawa isiyowakinga sawasawa, au inayowaweka kwenye hatari ya kuvuja damu. Yule bwana wa WhatsApp hakuigusa namba hiyo, na ndiyo ingestahili kuzungushwa.

Hapa ndipo Eldoret inapoingia. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi kuna kliniki ya wanaotumia warfarini ambayo ilianza mwaka 2008, na wanaoiendesha ni wafamasia, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Purdue cha Marekani. Daktari bingwa hahitajiki kila mgonjwa anapokuja. Mfamasia anapima, anauliza umekula nini, umenunua dawa gani dukani, anapandisha au kushusha dozi, anapanga siku ya kurudi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 hayakuwa mbali na yale ya kliniki za nchi tajiri. Hii ni hospitali ya umma inayopokea wakulima wa mahindi kutoka Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya, wengine wakiamka usiku wa manane kuwahi matatu.

Kuna walionijibu kwamba siku hizi zipo dawa mpya zisizohitaji INR, kwa nini tusihamie huko? Ni kweli zipo, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Kwa mgonjwa ambaye vali zake ni nzima, mara nyingi ni bora. Lakini mwaka 2022 ulitoka utafiti wa INVICTUS, uliofanywa kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa vali zilizoharibiwa na homa ya utotoni, Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wengi walitarajia rivaroksabani, dawa mpya, ishinde au angalau isishindwe. Ikashindwa. Waliopata kiharusi, kushikwa na moyo au kufa walikuwa 560 upande wa dawa mpya na 446 upande wa ile ya zamani. Damu kuvuja hakukutofautiana sana. Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba wenye dawa ya zamani walikuwa wakionana na wahudumu kila mwezi kwa sababu ya kipimo, na huenda kuonana huko nako kuliwasaidia. Si maelezo yaliyothibitishwa, lakini mimi yananiingia akilini.

Sasa turudi kwetu. Pwani ina mambo yake ambayo kliniki ya nyanda za juu haiyakuti sana. Malaria, kwanza. Coartem, tunayoinunua kama peremende, kijikaratasi chake kinaonya dhidi ya kuichanganya na dawa za mapigo kama amiodaroni. Mtu wa Msambweni akishikwa na homa usiku haulizwi dukani anameza nini cha moyo. Septrin na Flagyl zinapandisha nguvu ya warfarini. Dawa za maumivu kama Brufen zinaongeza kuvuja damu. Mchicha, kisamvu na matembele, chakula chetu cha kila siku, vinaipunguza nguvu. Hakuna haja ya kuviacha, bali kula kiasi kisichobadilika sana, si wiki nzima mboga na wiki nzima nyama. Na Ramadhani: warfarini kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, inaweza kusogezwa baada ya futari. Dawa za kukojoza na digoksini kwa mtu aliyekauka maji ni suala jingine, la kuzungumzwa na daktari kabla ya mwezi kuandama, si siku ya kumi.

Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Kaunti zetu sita zimenunua majokofu, mashine na magari ya wagonjwa, na picha tumeziona. Nataka kuwauliza mawaziri wa afya wa kaunti hizo jambo dogo kuliko hayo: mgonjwa wa Faza au Garsen anayemeza warfarini anapimwa INR wapi, kila baada ya siku ngapi, na nani anampigia simu namba ikitoka mbaya? Zipo mashine ndogo zinazosoma kwa tone la damu ya kidoleni. Wafamasia waliosoma na wasio na ajira tunao. Fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu, ya kuripoti madhara ya dawa, ipo pia, lakini haiwezi kujazwa na mgonjwa asiyejua kwamba kichefuchefu chake kimetokana na dawa.

Shangazi yangu anameza warfarini, digoksini na dawa ya kukojoza. Nilipomuuliza kwa simu mara ya mwisho alipimwa lini, alinyamaza kidogo akasema, "Kabla ya Ramadhani, mwanangu." Ilikuwa miezi minne. Huko anakochukulia dawa walikuwa wakimjazia tu, na yeye hakudai. Nilimwomba asirudishe vidonge kwa kukisia wala asimeze viwili viwili kufidia, aende kwanza akapimwe.

Binamu alimpeleka asubuhi yake. INR ikatoka 1.3. Digoksini imesimamishwa hadi majibu ya figo yatoke, warfarini amerudishiwa, na Alhamisi ijayo anapimwa tena.