Jina la babu katika kalamu ya karani

Msomaji mpenzi, hebu leo baada ya chamcha, kabla hujajilaza, muulize mama au nyanya swali moja tu: lile sanduku la bati la mzee liko wapi? Nyumba nyingi zinalo, chini ya kitanda au juu ya kabati. Ndani mna cheti cha ubatizo, risiti za kodi za zama za mkoloni, picha iliyofifia, na pengine karatasi iliyokunjwa mara nne inayosema kwamba fulani alitumikia jeshi akaachishwa kwa heshima. Ifungue polepole, kwa maana mikunjo imeoza. Soma jina. Je, ndilo jina unalolijua?

Kwetu halikuwa ndilo. Babu aliingia Keya, ndivyo wazee walivyoliita jeshi la King's African Rifles, akapelekwa Burma. Jina la babake linaanza kwa K. Karani aliliandika kwa G, akatia "bin" katikati ingawa babu hakuwa Mwislamu, akamalizia kwa jina la kijiji. Babu hakujali. Hakujua kusoma wakati huo, na hata alipojifunza alisema kwamba waliomhitaji walimjua kwa sura.

Alipofariki ndipo mambo yalipoharibika. Palikuwa na msaada mdogo kwa wajane wa askari wa vita vile, nyanya akafunga safari hadi afisi moja ambayo sitaitaja. Karani akaangalia cheti, akaangalia kitambulisho cha marehemu, akarudisha vyote viwili. "Mama, huyu wa jeshi si mumeo." Nyanya alirudi nyumbani, akaketi kwenye kigoda chake bila kuvua kitambaa cha kichwani. "Nimeolewa na mtu mmoja zaidi ya miaka hamsini," alisema, "leo naambiwa walikuwa wawili."

Usidhani ni mkosi wa ukoo wetu peke yake. Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua karibu Wakenya 98,000, wakaenda Uhabeshi, Bukini, Burma. Aliyewaandikisha mara nyingi hakujua lugha yao, basi aliandika alichosikia. Otieno akawa Utyeno, Kyalo akawa Chalo. Wengine, tuseme ukweli, walijikosea kwa makusudi. Kijana aliyetoroka shamba la mzungu hakutaka jina lililo kwenye kipande chake lijulikane, hivyo akaazima la nduguye. Mwingine aliongeza umri apate kukubaliwa. Wengi walibatizwa baada ya vita, wakawa Yohana na Petro, huku jeshi likiwajua kwa majina ya nyumbani.

Na umri je? Mzee alikujua alikozaliwa kwa rika lake na kwa tukio, si kwa tarehe. Kule Kikuyuni kuna rika lililoitwa Kibandi kwa sababu walitahiriwa wakati kipande kilipoingia. Afisa hakuuliza rika. Alimtazama mtu usoni, akakadiria mwaka, akaandika. Miongo kadhaa baadaye afisa mwingine wa vitambulisho alimtazama mtu yule yule, akakadiria mwaka mwingine.

Sasa, ufanyeje? Jambo la kwanza ni lile ambalo sisi tulilikosea. Mjomba wangu, kwa nia njema, alitaka kuchukua kalamu ya wino mweusi ageuze ile G iwe K. Ole wako! Cheti kilichoguswa si cheti tena, na kinaweza kukufikisha mbele ya hakimu. Kiache na kosa lake. Kosa halifutwi, huambatanishwa na maelezo. Mwingine alitushauri watoto wa babu wabadilishe vitambulisho vyao ili vifanane na kosa la jeshi. Ushauri huo ni wa kukimbiwa kama moto wa nyikani, kwani utasahihisha karatasi moja uharibu ishirini, kuanzia vyeti vya shule hadi hati za shamba.

Lipo pia suala la hati ya kubadili jina, ambayo watu huikimbilia kwa mawakili. Hiyo ni ya mtu aliye hai anayeacha jina moja na kushika jingine. Marehemu hawezi kubadili jina. Kinachohitajika ni hati ya kiapo, iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, inayosema kwamba fulani wa karatasi hii na fulani wa karatasi ile ni mtu mmoja. Kiapo chako wewe mjukuu hakina uzito mkubwa, kwani ulizaliwa juzi. Tafuta mtu aliyemjua akiwa kijana. Kisha iandamane na barua ya chifu wa lokesheni, cheti cha kifo, na cho chote kingine chenye jina la zamani: kipande, risiti ya kodi, barua iliyotoka vitani. Nishani nazo zitazame ukingoni. Zile za Vita vya Kwanza kwa kawaida zilipigwa muhuri wa namba na jina. Za Waingereza za Vita vya Pili kwa kawaida hazina kitu.

Na kila unapoandika barua, tanguliza namba ya jeshi. Jina lina herufi za kupotoshwa, namba ni tarakimu tu. Faili hutafutwa kwa namba. Ukiwa nayo, hata jina likiwa limevurugwa kama uji, mtu wako atapatikana. Kama huna namba, Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, jijini Nairobi, ina majalada ya makamishna wa wilaya wa enzi ya ukoloni. Nenda na subira, na daftari.

Kwa waliokufa vitani mlango ni mwingine. Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita hukubali kurekebisha jina au tarehe familia ikileta ushahidi wa maandishi, mradi marehemu alifariki kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Tume hiyo ina deni kubwa kwetu. Mwaka wa 2021 ripoti yake yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Hao ndio wapagazi wa Kariakor, ambao jina la kikosi chao sisi tunaendea kununua vyondo na nyama choma.

Ukipita Kenyatta Avenue, simama kidogo mbele ya sanamu za shaba zilizozinduliwa mwaka wa 1928. Maandishi chini yake yanawaahidi askari kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Tafuta jina hata moja pale. Mimi nilizunguka mara mbili, mlinzi akaanza kunitilia shaka.

Na wewe ambaye baba au mama yako alistaafu jeshi juzijuzi, usicheke. Muulize leo, angali hai, jeshi lina majina gani ya mke na watoto wake. Je, mtoto wa mwisho yumo? Je, jina la mke ni lile lililo kwenye kitambulisho chake au ni "Mama Fulani"? Herufi moja ikisahihishwa na mwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Ikiachiwa mjane, ni miaka.

Kwetu ilikuwa mitatu. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa lokesheni jirani aliyekuwa kombania moja na babu. Tulimpeleka mjini kwa matatu akiwa amevaa koti zito mchana wa jua. Kamishna wa viapo alipomuuliza kama alimjua marehemu, alilitaja jina la nyumbani, kisha la jeshi, kisha la utani ambalo hata nyanya hakuwahi kulisikia. Kiapo kikakubaliwa. Nyanya alipokea ule msaada mara mbili tu kabla hajamfuata mumewe.

Tulipojenga kaburi lao kwa saruji, palizuka ubishi kuhusu jina la kuandika. Shangazi alishinda: likaandikwa la nyumbani, kwa K. Chini yake tukaandika ile namba ya jeshi, ambayo karani hakuikosea.