Maji Yakimwagika: Je, Ungerudi Nyuma?

Likizo iliyopita mjomba alituwekea tena sehemu moja ya mchezo wa zamani wa runinga, Star Trek. Sehemu hiyo inaitwa "The City on the Edge of Forever", na ilionyeshwa Marekani mara ya kwanza tarehe 6 Aprili 1967. Nilipoiona nikiwa darasa la sita nilicheka tu masikio ya Spock. Safari hii sikucheka.

Hadithi ni hii. Daktari McCoy anajidunga dawa kali kwa bahati mbaya, anarukwa na akili, kisha anaingia kwenye mlango wa ajabu unaorudisha watu zamani. Papo hapo chombo chao cha angani kinatoweka, maana historia imebadilika. Nahodha Kirk na Spock wanamfuata hadi New York ya mwaka 1930. Huko Kirk anampenda Edith Keeler, mwanamke anayelisha maskini. Lakini Spock anagundua kwamba Edith asipokufa ajalini, ataongoza harakati za amani, Marekani itachelewa kuingia vitani, na Ujerumani ya Hitler itashinda. Lori linapokuja, Kirk anamzuia McCoy asimwokoe.

Wenzangu chamani wanasema eti Kirk ni katili. Mimi napinga, na sababu yangu iko nyumbani.

Mama aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya mimba. Mimba yenyewe ni mimi. (Amenipa ruhusa niandike.) Leo anauza sukuma wiki hapa Kangemi. Miaka mingi nilitamani mlango kama ule, nirudi nimwambie asiache masomo. Lakini jamani, nikifaulu, mimi nitakuwa wapi? Kirk alielewa jambo hilo: ukirekebisha jana, unaweza kuwafuta walio hai leo.

Siku moja nilimwuliza Mama angechagua nini. Aliendelea kukatakata sukuma, akanijibu, "Wewe wacha mchezo. Shule si bado iko?"

Jibu hilo lilinifunga mdomo. Tangu mwaka 1994 serikali yetu inamruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Ruhusa ilikuwepo wakati wa Mama, ila hakuna aliyemwambia. Sasa anasoma jioni, akilenga KCSE. Mimi namsaidia insha, hesabu ananishinda.

Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Kweli, lakini mtungi hujazwa tena.

Katika sehemu ile yumo afisa Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetokana na neno letu uhuru. Anabaki nje ya ule mlango, na anakiri kwamba anaogopa. Zamani nilimwona mwoga. Siku hizi namkumbuka kila ninapofikiria msichana anayerudi shuleni baada ya kujifungua, amesimama langoni na yunifomu yake, hajui atapokewa vipi.

Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, mlango wa kurudi jana haupo. Huu wa shule upo, nao uko mikononi mwetu. Msichana huyo akija, tusimcheke wala kumnong'ona. Tumsogezee kiti aketi.