Kazi ya Mtandaoni kwa Jina la Kukodi

Vijana wengi wa parokia zetu wanatafuta ajira za ng'ambo kupitia LinkedIn, wakiwa nyumbani. Bidii hiyo tunaipongeza. Lakini wapo ambao, wakiona waombaji wa Afrika wanakataliwa kwa anwani tu, hukodi akaunti ya mtu wa Marekani au Ulaya, hufanya kazi kwa jina lake na kumgawia sehemu ya ujira. Udanganyifu huo hatuwezi kuubariki. Wala hatuwezi kumwachilia mwajiri anayebagua kabla ya kupima ujuzi. Katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeitenda. Malipo yakizuiliwa, kijana huyu atadai wapi? Mkataba haumjui.