Hija ya Kibeho Ina Milango Miwili



Kila ikaribiapo tarehe 15 Agosti, mahujaji huanza kukusanyika katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo hapa Kigali, wakielekea Kibeho, wilayani Nyaruguru, kusini mwa nchi. Wamo wazee wenye rozari mikononi, akina mama wenye madumu ya kutekea maji ya chemchemi, na wanafunzi waimbao njia nzima.

Huko Kibeho, tarehe 28 Novemba 1981, Alphonsine Mumureke, mwanafunzi wa sekondari, alisema kuwa ametokewa na Bikira Maria aliyejitambulisha kwa jina la Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno. Wengi shuleni walimdhihaki. Baada ya uchunguzi wa miaka mingi, tarehe 29 Juni 2001, Kanisa Katoliki liliutambua ushuhuda wake pamoja na wa wenzake wawili, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango.

Huo ndio mlango wa kwanza wa hija, na wengi huuingia. Mlango wa pili ni ule wa kumbukumbu iliyo kwenye kanisa la parokia. Mwezi Aprili 1994, maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisani humo waliuawa. Mahujaji wengi huupita mlango huu wakiwahi basi.

Nilipowapeleka wanafunzi wangu, mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini watu walikimbilia kanisani?" Nilimjibu kwamba katika machafuko ya miaka ya 1959 na 1963, waliojificha makanisani mara nyingi walinusurika. Wazazi waliwarithisha watoto wao imani hiyo. Mwaka 1994 wauaji waliijua imani hiyo, wakaigeuza mtego. Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Basi waliowaua walikuwa wanawajua." Naam, walikuwa majirani, na wengine walisali nao Jumapili.

Wapo wasemao kwamba hujaji hufuata faraja, hivyo tusimchanganyie ibada na majonzi. Naiheshimu hoja hiyo, hasa itolewapo na mtu aliyefiwa. Lakini Kibeho yenyewe haitenganishi mambo hayo. Sala iliyoenezwa huko na Marie Claire ni Rozari ya Mateso Saba, sala ya majonzi na toba. Naye mwenyewe aliuawa mwaka 1994. Tutasalije sala yake huku tukikwepa kutazama yaliyompata yeye na jirani zake?

Mwananchi afundishwaye kwamba mahali patakatifu hujilinda penyewe amefundishwa uongo. Jengo halimkingi mtu. Humkinga jirani akataaye kutii amri ya kuua. Somo hilo la uraia haliwezi kusomwa kitabuni tu.

Kwa hiyo, ewe mwalimu, mzazi au kiongozi wa kwaya upangaye safari, tenga saa moja kwa ajili ya mlango wa pili. Waandae vijana kabla ya kuondoka Kigali. Asiyeweza kuingia asilazimishwe, kwani huenda nyumbani kwao kidonda hakijapona. Watakaoingia waingie kimya, simu zikiwa mfukoni. Wakitoka, usiharakishe kuanzisha wimbo, waache waulize. Kisha nendeni chemchemini mkateke maji.